Mama Uzi na Ukuta wa Alhamisi

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kufundisha yoga katika kituo chetu, Mama Uzi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa nami nafundisha yoga hapa, na ukumbi wangu umepakana na wake. Aliyeniomba hajui kwamba miaka yote hiyo nimemwonea wivu, tena wivu hasa, ule wa kumkosesha mtu hamu ya chai.

Mambo yalianza kwa kosa la mapokezi. Mama Uzi alitaka kufundisha Tantra, mkondo wa kale wa yoga ambao wengi hudhani ni mambo ya chumbani. Dada wa mapokezi, aliyelijua neno hilo kwa umbea tu, akabandika ubaoni: "Kwa wanandoa pekee." Alhamisi hiyo watu walifurika, wananukia manukato, wanaoneana aibu. Mama Uzi akawagawia matambara wapanguse sakafu, polepole, kila mmoja akifuata pumzi zake. Nilicheka hadi machozi. Wiki iliyofuata nusu yao walirudi, na kicheko kikaniishia.

Kwangu watu walijifunza kusimama kwa kichwa. Kwake walijifunza kwamba mwili si mzigo wa kutuliwa njiani ili roho ifike mbali. Tantra, alisema, ni neno la wafumaji: hasira, njaa, hamu, machozi, zote ni nyuzi za nguo moja, na hakuna uzi wa kukatwa. Ndipo wanafunzi wakambandika jina la Mama Uzi.

Wanafunzi wangu walinihama mmoja mmoja. Hata mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kukunja miguu, alihamia kwake. Akirudi nyumbani alikuwa akimenya chungwa taratibu, kama alivyofundishwa huko, akitabasamu peke yake. Roho iliniuma kweli. Nikaanza kumaliza darasa langu mapema kila Alhamisi na kukaa nimeegemea ukuta, eti nakagua mikeka, huku sikio liko upande wa pili.

Jumatatu wiki hii alinikabidhi darasa lake, pamoja na daftari la mahudhurio. Jina la kwanza, tangu mwaka wa tatu, ni langu. Kila Alhamisi lina alama ya vema, na pembeni ameandika kwa mkono wake: "Yupo, nyuma ya ukuta. Wivu nao ni uzi."

Mama Uzi, asante kwa kunihesabu. Ukapumzike kwa raha, na machungwa uyale taratibu. Wivu bado ninao. Alhamisi nitaingia nao kwa kupitia mlangoni.