Mguu wa Kushoto Niliouficha Alhamisi Kuu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, nanyi mliokaa nje kivulini asifiwe na huko. Niacheni nikae, maana ushuhuda wangu ni wa mguu, na wenyewe huu hapa umekuja.

Mama Tumaini mnanijua. Nilizaliwa Newala, nikaolewa huku Masasi. Kule kwetu maji ni ya shida, mtoto ananawa uso na miguu anaambiwa umetakata. Lakini nisipotee. Unyayoni, mguu huu wa kushoto, nilikuwa na kidoa cheusi tangu usichana. Uzeeni kikaanza kutanuka, nikipalilia mikorosho kinatoa damu.

Wifi yangu, yule anayejifunika mtandio, akasema, "Wifi, hiyo chunjua tu. Dawa yake mafuta ya ganda la korosho." Mnajua yanavyobabua. Akanipaka. Ndugu zangu, niliruka kama mbuzi. Ngozi ikababuka pembeni, kidoa kikabaki katikati kinanitazama. Wifi akasema, "Kina kiburi kama mwenyewe."

Hospitali sikutaka. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikwenda na kidonda cha sukari akarudi na mguu mmoja. Nikaona heri kidoa, na mguu wangu ninao.

Ikaja Alhamisi Kuu, nikachaguliwa pamoja na wazee wenzangu tuoshwe miguu kama mitume. Nikatoa wa kulia, wa kushoto nikauficha chini ya kanga. Padri amepiga magoti na beseni lake, akasema, "Mama Tumaini, na wa pili."

Nikamwambia, "Huu niliuosha nyumbani, Baba."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akangoja tu. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaurudia toka mwanzo. Nikautoa.

Aliuosha polepole, akaufuta. Baada ya ibada akaniambia, "Pasaka ikipita nakupeleka mwenyewe kwa daktari wa ngozi."

Daktari alikuwa dada kijana, akaniamkia shikamoo kabla ya kuushika mguu. Nikamwuliza, "Mwanangu, utakata hapa au hapa?" Nikamwonyesha goti.

Akasema, "Bibi, nakata kidoa tu. Mguu utarudi nao."

Akanichoma ganzi, akakitoa, akashona. Kinyama kikapelekwa kupimwa. Ndugu zangu, kungoja majibu ndilo lililokuwa jangwa langu. Nilisonga ugali huku naomba, mpaka ukaungua, na baba Tumaini akaula hivyo hivyo. Majibu yakaja: kilikuwa kimeanza kuharibika, ila hakijawa saratani, na kimetoka chote.

Leo nimekuja kanisani kwa miguu yangu. Wifi naye tulimwita akaonyesha nyayo zake, kwa ugomvi, lakini akaonyesha. Hazina kidoa.

Namshukuru Mungu aliyeniona kwa macho ya mtu aliyepiga magoti. Mwenzangu uliyefunika jambo lako, mtumaini Yeye, halafu lionyeshe. Alhamisi Kuu inakuja tena. Ukiitwa, toa miguu yote miwili.