Jina Satterthwaite Liishie Kwangu

Sogeeni kitandani, Gwiza na Keza, maana sauti yangu haivuki tena chumba, wala haifai ivuke, kwa kuwa askari wamesimama pale gereji na tangu vita vianze mpakani wanazipekua nyumba za Gikondo moja baada ya nyingine.

Sikilizeni wanangu. Hili jina la Satterthwaite baba yangu alilipata Uganda, alikochunga ng'ombe wa mwalimu mmoja Mwingereza. Mwalimu alimweleza kwamba ni jina la kijiji cha kwao, na maana yake ni mahali palipofyekwa msitu kando ya kibanda cha wachungaji wa kiangazi. Waliohama pale wakaitwa kwa jina la pale. Baba akacheka, "Kumbe na nyinyi mlilala na ng'ombe, bwana!" Akabatizwa kwa jina hilo, kisha, kinyume cha desturi yetu ya kumpa kila mtoto jina lake mwenyewe, akatuvika sote, ili tuliotawanyika ugenini tujulikane kuwa wa zizi moja.

Sasa tunajulikana. Baba yenu mdogo Benon, aliyezoea kunitania kwamba tumevaa koti la marehemu tusiyemjua, walimsomea jina hilo kazini, wakasema huyu ni wa Uganda, ni wa waasi, na mpaka leo hatujui alipo. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hili letu linang'ara mno, na giza ndilo tunalolihitaji.

Usinibishie, Gwiza. Mimi sibebeki. Mukandekezi wa jirani atanifumba macho. Vitambulisho viacheni hapa, msipite barabarani, shukeni bondeni kwenye mafunjo mpaka Masaka, hii ya hapa nje ya mji, si ile ya Uganda, na mkiulizwa semeni ninyi ni wana wa Rutayisire, jina langu la kuzaliwa, basi. Shamba la kule ni lenu wote wawili, msilikate. Cherehani ni ya Keza, siku ikiwezekana kurudi. Gratien aliyesogeza ua wetu mwacheni nao. Ugomvi huo nazikwa nao.

Msalabani msiandike la mzungu.

Na huyu mgongoni, Keza… leo ndiyo siku yake ya kupewa jina, na mlitaka nimwongezee la ukoo. Hapana. Mleteni nimguse. Mungu awatangulie, awape pa kukanyaga bila kuulizwa mnatoka wapi. Aitwe Kirezi. Kirezi peke yake… lisifuate kitu nyuma.

Haya, nendeni, kabla hajalia.