Cheo cha Emilia Yoramu Chilongani (1967–2025)

Ndugu mliofika kutusindikiza, mimi ni Gerson, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kuyasoma maisha yake, na nguvu zangu ni chache.

Dada Emilia alizaliwa Zuzu tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa kwanza wa mzee Yoramu na mama Lea. Alimaliza darasa la saba mwaka 1981, akajifunza uhazili, na tarehe 3 Oktoba 1988 akaajiriwa serikalini hapa Dodoma kuwa mpiga chapa. Mwaka 1992 alifunga ndoa na Elisante, fundi seremala wa Kizota.

Kompyuta zilifika ofisini kwao mwaka 2008. Dada alivipiga vitufe kama anagombana navyo, na kila mwisho wa mstari alibonyeza Enta, kwa mazoea ya taipureta, ambayo haivuki mstari bila kusukumwa. Bosi alipoagiza maandishi yakuzwe, mistari ikakatika ovyo pale alipobonyeza, ripoti nzima ikavurugika. Aliipanga upya siku mbili, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Haikupita miaka miwili, mashine ikigoma, anaitwa Emilia.

Uchovu wake ulianzia hapo. Waliajiriwa vijana wenye vyeti, akawafundisha kazi, wakampita kwa mshahara. Taipureta zilishatupwa stoo, lakini barua zake bado zilimwita mpiga chapa, kwa kuwa hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2018, akiwa na miaka hamsini na moja, aliufanya mtihani wa kidato hicho akafaulu, akaomba kubadilishiwa kada. Akaambiwa asubiri. Nilipomuuliza alinijibu, "Mdogo wangu, mvumilivu hula mbivu, ila hawajasema atakuwa amebaki na meno."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alikwenda kazini hadi Aprili mwaka huu. Alifariki nyumbani kwake Nzuguni asubuhi ya tarehe 9 Juni, jibu likiwa halijaja. Imeniuma, sitaficha.

Ameacha mume, watoto wawili, Henry na Miriam, na wajukuu watatu.

Ratiba mliyoshika imechapwa na Priska, mkuu wake wa kazi, ambaye dada ndiye aliyemfundisha. Juzi aliniuliza, "Mjomba, hapa chini ya picha niandike cheo gani?"

Nikamwambia aandike kilichomo kwenye barua zake.

"Hicho siwezi kukiandika, mjomba. Nisamehe."

Tumepaacha wazi. Ofisi ikijibu, tutapajaza kwa kalamu.

Dada, huko uendako hakuna anayedai cheti. Pumzika sasa.