Mama Pamba na Muhuri wa Dirisha la Tatu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Pamba atafunga mlango wa chumba cha vidonda na kukabidhi ufunguo. Ameitumikia hospitali hii miaka thelathini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hicho kimoja chenye kitanda, sinki na pazia la kijani. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu dirisha langu la usajili, namba tatu, linatazamana na mlango wake. Elimu yangu si kubwa, lakini macho ninayo, na Mungu ni shahidi kwamba sitaongeza chumvi.

Alianza kama mhudumu wa wodi, wa kupiga deki na kubeba mabeseni. Alisomea uuguzi huku akilea watoto watatu, na mumewe, fundi cherehani, alikuwa akimuuliza majina ya mifupa huku akipindia mashati ya wateja. Hadi leo mzee yule anaijua mifupa ya mkono kuliko baadhi yetu. Jina la Mama Pamba tulimpa sisi, maana mfuko wake haukukosa pamba. Ukimkumbatia, unaondoka na nyuzi nyeupe kifuani.

Msimdhanie mpole. Mganga mkuu aliwahi kuingia chumbani kwake bila kupiga hodi, akatolewa nje akiwa na trei yake mkononi, akasimama foleni pamoja na wagonjwa mpaka alipoitwa. Alicheka, lakini tangu siku hiyo anapiga hodi. Na chai ya Mama Pamba, jamani! Miaka yote hii tumeinywa kwa imani tu.

Sasa niseme ile kazi yake kubwa. Alikuwa na jicho la kutambua jeraha lisilolingana na maelezo yake. Mtu akianguka hutanguliza viganja; akijikinga asipigwe, huumia upande wa nje wa mkono. Alama ya jana na alama ya wiki iliyopita haziletwi na ngazi moja. Na zaidi ya yote, alimwangalia anayejibu. Mke akiulizwa anaumwa wapi, akajibu mume, Mama Pamba aliweka mkasi chini.

Hakugombana. Alichukua kadi ya buluu, akampa bwana kwa heshima zote: “Baba, naomba ukapigiwe muhuri dirisha la tatu, bila huo siwezi kuendelea.” Muhuri ule haukuwa na kazi yoyote duniani. Kazi ilikuwa kwa karani wa dirishani: kumchelewesha. Ndani, pazia likishafungwa, mgonjwa aliulizwa swali moja: “Nyumbani uko salama, mwanangu?”

Wiki yangu ya kwanza hakuna aliyenieleza hayo. Akaja mwalimu wa chekechea aliyevunjika mkono, na mumewe, mtu mchangamfu, mwenye salamu kwa kila mtu. Bwana aliniletea kadi ya buluu. Nami, nikitaka nionekane mchapakazi, nikaigonga muhuri papo hapo na kumtakia siku njema. Alirudi ndani mkewe hajafungua mdomo. Walipoondoka, Mama Pamba alinijia dirishani. “Wewe dada, umegonga muhuri kama unafukuzwa na nyuki!” Kisha akanieleza, polepole, nami nikalia palepale juu ya daftari.

Yeye hakulia. Alikuwa amempangia mwalimu yule arudi Jumanne kuangaliwa plasta, ingawa plasta haikuwa na shida. Jumanne hakuja. Ya pili hakuja. Mimi nilifunga na kuomba. Yeye aliomba pia, ila kila Jumanne aliandaa kiti, akaliweka jalada lake mezani.

Jumanne ya tano waliingia wote wawili, jicho la mwalimu limevimba. Siku hiyo, wapendwa, hapajawahi kuwa na karani mzembe kama mimi. Wino uliisha. Miwani ilipotea, nami nimeivaa. Nilimuuliza yule bwana jina la mama wa bibi yake. Akanifokea kwamba sijui kazi, nikamwambia ni kweli, baba, nisamehe. Dakika ishirini na mbili kwa saa ya ukutani.

Ndani, Mama Pamba hakumwambia mwalimu aondoke wala abaki. Alimwambia kosa si lake, akaandika maneno yake kama alivyoyatamka, akachora kila jeraha kwenye fomu, akamuuliza anataka nini. Alitaka kwenda kwa dada yake bila kupita nyumbani. Afisa ustawi wa jamii akaitwa, akampitisha mlango wa nyuma, wa chumba cha kufulia. Miezi minne baadaye jalada lile lilisomwa mahakamani, na halikutikisika.

Mimi nilishangilia. Yeye hakuridhika, alisema usalama wa mtu usitegemee uzembe wa karani. Aliingia vikao miaka tisa, akichoka na kurudi tena, mpaka tangazo likabandikwa kwenye kila mlango: mgonjwa yeyote mtu mzima, awe mwanamke au mwanamume, huingia kwanza peke yake. Na sasa wauguzi wote hapa huuliza swali lile, kwa kila mtu. Ndiyo maana siri ya muhuri naitoa leo. Haihitajiki tena.

Mwalimu yule ameniruhusu kuandika haya. Kila mwaka huchagua Jumanne moja, akaja bila jeraha lolote, akakalia kiti kile kile na kuinywa chai ile mbaya mpaka tone la mwisho.

Mama Pamba, ahsante kwa wote waliokaa kwenye kiti hicho. Tutaendelea kukiandaa. Nenda ukapumzike na fundi wako, Mwenyezi Mungu akupe afya na siku nyingi za raha. Kadi ya buluu ya mwisho nimekuwekea kwenye bahasha. Nimeigonga muhuri, na safari hii sikuharakisha.