Mizunguko Mitatu ya Asubuhi

Tangu Munira aanze kazi ya kutafsiri akiwa nyumbani, uvivu ulimwandama, mpaka akabuni dawa: kila asubuhi huvaa viatu, huizunguka nyumba yake mara tatu, kisha huingia kama mtu aliyefika ofisini.

Kwenye basi la kutoka Handeni, alimwamkia bibi aliyeketi naye.

"Marahaba. Naenda Kwamndolwa kwa binti yangu. Jirani yake mwanga! Kila asubuhi anaizunguka nyumba mara tatu, halafu anajifungia kutwa. Hana shamba wala duka, lakini anakula."

"Labda anafanya kazi humo ndani," Munira alisema.

"Kazi gani isiyoonekana? Leo wanaume wa mtaa wanakwenda kumtoa."

Basi likasimama Kwamndolwa. "Wewe unashukia wapi, mjukuu wangu?"

"Mbele, bibi," alijibu Munira, ambaye nauli yake iliishia hapo hapo.