Mulango wa Kati ya Chumba Changu na cha Amisa

Karibieni, watoto wangu, lakini musikanyage zile mbao, na wewe Mwanvua binti yangu kaa karibu na kichwa changu na kalamu yako, uandike hata yale utakayoona haya kuyaandika, maana sauti niliyobaki nayo mimi binti Kassimu ni kidogo, na kesho sijui kama nitaamka nayo. Munashangaa kuniona nimelala chini ku mukeka na kitanda changu kimevunjwa. Nimekivunjisha mwenyewe. Tazameni zile mbao tatu za muvule zilizokuwa chini ya godoro langu, muzipanguse vumbi. Mbili ndefu ni miimo, ile fupi ni ya juu, na zote tatu pamoja ndizo kadre ya mulango ambayo marehemu baba yenu Bulaimu alikufa akiamini kwamba imeliwa na muchwa. Haikuliwa. Nimeilalia miaka saba.

Nimesikia Abedi ameguna. Guna, mwanangu, una haki, kwa kuwa wewe ni mutoto wa Amisa, muke mwenzangu, na mama yako iko hapo upande wa pili wa ukuta, ku kiti chake, anasikia kila neno, kwa sababu tofali mumekwisha kuzitoa tangu asubuhi na kilichobaki kati yangu naye ni tundu tupu. Nimetaka hivyo. Wosia ni wenu, lakini masikio ninayoyatafuta ni yake.

Neno la kwanza ni hili: nyumba hii isigawanywe. Musinitazame kama watu wasiojua kitu, wewe Faradji niliyekuzaa na wewe Abedi niliyekubeba mugongoni. Siku ya Idi, watu wakiwa bado wanakula, mulipima ukuta huu kwa kamba mukisema huku kwako, huku kwangu, kila mutu atauza upande wake akipenda. Mulifikiri muzee wa kike amesinzia. Mimi sisinzii pale watu wananong'ona, hiyo Mungu amenijalia tangu utoto. Basi pale mulipotaka kuweka mupaka nataka mulango, na nataka kuuona umesimama kabla sijafumba macho.

Munaujua huo mulango ulitoka wapi? Baba yenu aliponileta kutoka Nyangwe, Amisa alikuwa muke wa nyumba hii miaka sita, na wanawake wa soko walikuwa wakingojea vita kama watu wanaongojea ngoma. Amisa akasimama mu kiwanja, mikono kiunoni, akamwambia bwana wetu, 'Ukitaka kuongeza chumba, ongeza, lakini uniwekee mulango ndani. Mimi sitazunguka mu mvua kwenda kuomba chumvi kwa bibi-arusi wako.' Watu wa soko wakarudi kwao na huzuni. Bulaimu hakuwa fundi wa kusomea, alikuwa na musumeno, nyundo, patasi moja na uzi, na kwa vitu hivyo aliichonga hii kadre siku nne, nami bibi-arusi wa juma moja ndiye niliyemushikia uzi, nikimutazama mikono. Ee, wanangu, mikono ile. Mwanvua, andika, usicheke.

Haya, ziungeni mbao zote tatu kwa misumari, mufanye kama alivyofanya yeye. Abedi, pima tundu pale juu, pima katikati, pima chini, kwa sababu ukuta wa udongo unavimba tumbo bila kumuaga mutu, na uchukue kile kipimo kidogo kuliko vyote. Kila upande ibaki nafasi ya vidole viwili. Mumeijaribu, imekwama? Faradji, weka chini musumeno! Weka chini, nimesema. Chonga ukuta, usichonge kazi ya baba yako. Na huu upande wangu miimo inaonekana mirefu, najua, si mbao zilizokua. Ni sakafu iliyopanda, maana kila mwaka nimeipaka udongo mupya, na udongo wa miaka saba si kidogo. Chimba pale chini ya mwimo mupaka ufikie sakafu ya zamani. Utaiona, iko nyeusi, tena inang'aa. Tuliisugua sisi wawili.

Hapo ndipo tulipokuwa tunakaa, Amisa kwake na mimi kwangu, mulango wazi, vidole vya miguu yetu vinagusana, ungo moja katikati, tukichambua mupunga na kuchambua watu. Hakuna ndoa iliyovunjika mu Kasongo ambayo hatukuijua kabla ya wenye ndoa. Hapo ndipo tulimucheka Albertine, yule muke wa mupishi wa misheni, aliyekwenda ku misa ya Pasaka na viatu vya kisigino na kurudi navyo kichwani, na Amisa akacheka mupaka mupunga ukamwagika, na bwana wetu akaja kuuliza, 'Wake zangu, ni mimi munanicheka?' Tukamwambia ndiyo, ili afurahi. Usiku akilala kwangu, asubuhi Amisa anakohoa pale mulangoni mara mbili, ananipa kahawa. Akilala kwake, mimi ndiye ninakohoa. Hivyo tuliishi. Wengine wanasema wake wawili hawawezi. Hawakuwa na mulango.

Kisha ikaja ile sheria ya Wazungu ya kukataza wake wawili. Ndoa ya Amisa ilikuwa imeandikwa ku buku la leta, la serikali, yangu hapana, na ikasikika kwamba ajenti atapita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu, na mwenye wake wawili atafukuzwa mu site, mu mutaa wetu huu. Bulaimu akaogopa. Akang'oa kadre, akaziba tundu kwa tofali, akapaka chokaa, akatuambia ni juma moja tu, mupaka yule ajenti apite. Na ajenti alipofika na karani wake, akanionyesha kwa kijiti chake, 'Na huyu ni nani?' Bwana yangu, baba wa watoto wangu, akajibu bila hata kumeza mate, 'Huyu ni dada yangu, mujane, nimemupangisha.'

Dada yake! Wanangu, karani alikuwa mutu wa hapa hapa, alijua vizuri, akainama juu ya buku lake akicheka. Kesho yake soko lote linajua. Na nani aliyenisalimu wa kwanza pale kisimani, mbele ya wanawake kumi, kwa sauti ya kuita ng'ombe? Amisa. 'Wifi! Wifi yangu, umeamkaje? Kaka yako hajambo?' Wanawake wakashikana mabega kwa kicheko. Ilikuwa muzaha, najua leo kwamba ilikuwa muzaha, hata mimi ningeufanya, tena ningeufanya vizuri zaidi. Lakini siku ile ulinichoma, kwa kuwa yeye alikuwa na karatasi na mimi nilikuwa na watoto tu.

Basi juma lilipopita, Bulaimu akaja na nyundo kufungua ukuta, nikamwambia, 'Utafungua na nini? Kadre nimeikuta imeliwa na muchwa, nimeichomea mihogo.' Ilikuwa imefungwa mu mikeka nyuma ya nyumba. Alipokwenda Lusangi kuvuna niliiingiza chini ya godoro. Akasema atachonga nyingine akipata mbao. Hakupata, akapata homa, na mwaka wa pili akatuacha. Nyinyi mumekua mukisema ni sheria ya Wazungu iliyofunga mulango huu. Sheria iliufunga juma moja. Miaka saba ni mimi.

Amisa. Unanisikia? Ni mimi.

Ninasikia anageuka ku kiti chake. Musimusukume. Abedi, kaa palepale ulipo, usiende kumutuliza mama yako. Endeleeni na kazi.

Simamisheni kadre ndani ya tundu. Muupigilie kwanza ule ubao mwembamba kule chini, kutoka mwimo hadi mwimo, ili miguu isitanuke. Sasa kabari: kila mahali mbili, moja inaingia kutoka kwangu, moja kutoka kwake, zipandane moja juu ya nyingine, na mugonge pole, huyu kidogo na huyu kidogo, kwa sababu ukigonga upande mmoja tu mbao inapinda. Faradji gonga huku, Abedi pita kule ugonge. Hivyo. Funga jiwe ku uzi, ulishushe toka juu kando ya mwimo, ungoje litulie. Uzi uko mbali na mbao upana wa kidole juu? Na chini? Chini kidole na nusu? Basi rudisha kabari ya chini. Rudisha tena. Kisha kamba kutoka pembe hadi pembe, na pembe nyingine, zilingane. Baba yenu hakuwahi kuona nivo ya duka, ile ya kupimia usawa, na mulango wake haukuwahi kujifunga wenyewe.

Munajua nini kinaniuma, wakati munagonga? Si tumbo hili. Amisa alipopoteza macho aliendelea kunizungukia, akitoka kwa mulango wake wa mbele, anashika ukuta, anapita mufereji, anapita barabara na baiskeli zake, anaingia kwangu na matope mupaka magotini, anakaa, anasema, 'Nimechoka kabla sijasema kitu.' Nami ninakaa juu ya kitanda, juu ya mulango wake, ninamupa maji. Mara mia nilifungua kinywa. Mvua iliyopita alianguka pale mufereji, akaumia nyonga, na tangu hapo hajaja tena, na mimi siwezi kwenda. Miezi minane. Ninamusikia usiku anageuka, ninamusikia anakohoa asubuhi, mara mbili, na mimi ninakohoa mara mbili, ukuta unakaa kimya. Nimekuwa na habari nyingi, wanangu, habari nzuri sana, na sina mutu wa kumupa. Nyinyi hamujui kusikiliza, munauliza ni nani alisema. Yeye hakuuliza kamwe. Alisema tu, 'Ee, halafu?'

Jazeni udongo na majani makavu nyuma ya miimo, mushindilie kwa kijiti. Ubao wa chini...

Ngoja. Nyamazeni. Anasema nini? Anasema, 'Binti Kassimu, mushenzi wewe! Miaka saba ninakanyaga tope, nimevunja nyonga, nawe umelalia mulango wangu!' Mumesikia sauti ile? Ingali kali. Nitukane tena, bi mukubwa. Tena. Anatafuta fimbo yake, ninaisikia inagonga chini. Anakuja kunipiga.

Abedi, usiniambie udongo ungali mubichi. Ungeni ubao wa chini juu kidogo... hapana, toeni. Toeni ubao, yeye haoni, atajikwaa. Wewe Faradji shika mwimo huu kwa mabega yako, na Abedi ule, musimame kama miti mupaka apite, halafu murudishe ubao, na musitundike mulango kabla ya siku tatu.

Andika haraka, Mwanvua. Shamba la mupunga la Lusangi ni lako. Sufuria ya shaba na vitenge vyangu ni vya Amisa, achague yeye kwa mikono, musimuchagulie. Nikifa, anioshe yeye, nyinyi mumuongozee maji. Jeneza lipite mulango huu, kwa chumba chake, litoke kwa mulango wake wa mbele, sio wangu. Nyumba isigawanywe. Atakayeziba hapa tena, mutu wa leta au mutu wa tumbo langu... mimi simo naye.

Mungu awalinde, Faradji, Abedi, Mwanvua. Awape... wenzenu wa kuwachokoza. Awape mutu wa kusema naye mukiwa wazee, karibu, asiye na haja ya kuzunguka. Nimewasamehe kamba ile ya Idi.

Mupisheni. Inamisha kichwa kidogo, Amisa, mbao ya juu... hivyo. Mukono wako wa kuume. Mimi niko chini, ku mukeka.

Nyinyi tokeni sasa. Wote. Mwanvua, acha kalamu.

Kaa hapa, karibu na kichwa. Nipige kwanza kama unataka. Halafu nieleze habari za upande wako... polepole... anza na mwaka wa kwanza wa ukuta.