Risala ya Watotoleshaji Vifaranga wa Sigino Kuhusu Betri Mpya na Fyuzi Yake

Mgeni rasmi, Baba Ritha, shikamoo.

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, viongozi wetu wa dini, majirani na wageni wote, karibuni Sigino.

Kila asubuhi, kabla ya chai, sisi wa Kikundi cha Amka Sigino hugeuza mayai. Tunafungua mashine ya kutotolesha, tunavuta trei moja moja, na kila yai tunalizungusha kwa kiganja ili kifaranga kisigandie upande mmoja wa ganda. Ni kazi ya kimya. Asubuhi moja ya masika, umeme ukiwa umekatika na mashine ikitumia betri, Mama Devotha alikuwa bado ameshika trei wakati feni iliponyamaza.

"Jamani," akasema, "mbona imeacha kupumua?"

Kabla hatujamjibu, Fabiola, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliingia mbio na mtoto mgongoni akiuliza nani anachoma mpira. Waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta ulikuwa unatoa moshi.

Tumeanza na habari hiyo, Baba, kwa sababu ndiyo iliyokufikia kwa simu huko Arusha, na ndiyo iliyokufanya ututumie betri mpya na kurudi nyumbani leo.

HISTORIA FUPI

Kikundi hiki kilianzishwa na kina mama waliochoka kumsubiri kuku aatamie kwa wakati anaoutaka yeye. Leo vifaranga wetu wanafugwa Bagara, Bonga na hata juu Mbulu. Mayai hayavumilii baridi, kwa hiyo tulinunua betri mbili za lori na inveta ya kubadili umeme wa betri uweze kuendesha mashine. Katikati yake palikuwa na fyuzi.

Fyuzi hiyo iliungua siku nyingi kabla ya ule moshi. Katibu wetu, Damiani, aliipasua akakuta kipande chembamba cha chuma. "Kwani hiki si waya tu?" akasema. "Waya ninao." Akafunga waya mnene mahali pa fyuzi, mashine ikawaka, nasi tukampigia makofi. Asubuhi ya moshi ndipo tulipoelewa tulichokipigia makofi.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mayai hayakuharibika yote. Tuliyafunika kwa mablanketi, tukayazungushia chupa za maji ya moto, na vifaranga wengi walitoka salama.

Lakini fanikio tunalolionea fahari ni kwamba tumekuwa watu wa kuuliza. Simon, fundi wa minara ya simu, alituletea fyuzi kubwa iliyoungua, nyeupe na nzito kama jiwe la kunolea. Damiani aliikata kwa msumeno wa chuma, na mchanga ukamwagika mezani.

"Mchanga!" Mama Devotha akashangaa. "Yaani wanatuuzia mchanga? Si tungechota mtoni?"

Tulicheka, kisha tukataka kujua. Anjela, anayewasomea risala hii, alisoma ufundi wa umeme chuoni. Alituambia anachokijua, na asichokijua akampigia simu mwalimu wake. Tuligundua kwamba chuma cha fyuzi kikiyeyuka, umeme haukubali kusimama papo hapo. Unaruka pengo kama moto unavyoruka njia kuu ya shamba. Mchanga ndio unaoufukia, kama tunavyofukia kaa kwa majivu. Fyuzi isiyo na uwezo huo huungua, na moto ukaendelea kupita ndani yake.

Tukauliza pia fyuzi inalinda nini. Wengi tulidhani inalinda mashine. Kumbe kwanza inalinda waya! Kwa hiyo haichaguliwi kwa ukubwa. Unaanza na kazi: inveta ya wati elfu tano, kama hii mpya, kwenye betri ya volti arobaini na nane huvuta ampia mia moja na kidogo, na betri ikipungua nguvu inavuta zaidi, kama mia moja na ishirini na tano. Unaongeza robo juu yake, unafika kwenye fyuzi ya mia moja na sitini. Kisha unahakikisha waya wenyewe unabeba zaidi ya hapo, ili kitakachotangulia kukatika kiwe fyuzi. Na fyuzi inakaa karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, kwa sababu kipande cha waya kilichoko kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Hata washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, imetufundisha. Katika mazoezi tulifunga fyuzi ikawa inachemka ingawa mzigo ulikuwa mdogo. Tulikuna vichwa mchana mzima. Kumbe tuliiweka washa kati ya kichwa cha waya na fyuzi, umeme ukawa unapita kwa taabu. Shaba ya kichwa cha waya inatakiwa ilale moja kwa moja juu ya fyuzi, washa na nati zije juu yake, na nati ikazwe kwa spana, si kwa vidole.

CHANGAMOTO

Baba, zawadi yako ni kubwa kuliko tulivyothubutu kuomba. Betri za lithiamu hatukuwahi kuziona ila kwenye picha. "Kila kitu kimo ndani ya boksi," ulituambia kwa simu, "ninyi ni kubonyeza tu." Mafundi uliowatuma walifunga kila kitu juzi kwa heshima na haraka, wakaondoka. Utepe umefungwa, na swichi uliyopangiwa kuibonyeza leo ipo mezani.

Changamoto ni ndogo. Inatosha kiganjani.

Fyuzi iliyokuja na boksi ina kifuniko cha kioo. Ndani hamna mchanga, kuna hewa. Imeandikwa ampia mia tatu. Damiani alipoiona alisema, "Hii ndiyo dume!" lakini waya uliofungwa nayo haufiki mia mbili, maana yake waya utaungua na dume limekaa linatazama. Pia imeandikwa volti thelathini na mbili, na betri zetu ni arobaini na nane, yaani hata ikiungua haitaweza kuukata umeme wetu. Tena betri za lithiamu zikipata shoti hazichoki kama zile za lori. Zinamwaga maelfu ya ampia kwa mpigo. Na nyuma ya ukuta wa stoo ya betri ndipo wanapolala watoto wa Fabiola.

Hili si kosa lako. Aliyepanga boksi hajui tunaishi wapi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba uendelee kutulea. Tunaomba wauzaji wahimizwe kuandika kwenye boksi kilichomo kwa Kiswahili. Tunaomba pia ratiba ya leo iangaliwe kwa jicho la mzazi.

Jana tulipoipitia risala hii, maneno yetu yaliishia hapo. Tulikuwa tunaona haya. Mgeni aliyetoka mbali na zawadi hakosolewi mbele ya watu. Mmoja wetu, hatutamtaja, alisema, "Tuunganishe swichi na umeme wa kawaida. Mzee abonyeze, taa iwake, apige picha, aende zake. Sisi tutabadilisha baadaye."

Mama Devotha alimtazama. "Yaani tumshukuru kwa kumdanganya?"

Kisha akamgeukia msomaji. "Na wewe, mwanangu, umezungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jicho la mzazi ndiyo nini? Mtu anaweza kulisikia hilo akabonyeza."

Basi ombi hilo tumeliandika upya. Fyuzi ya mchanga, ya ampia mia moja na sitini, tumeshaiagiza na itashuka na basi wiki ijayo. Utepe unaweza kukatwa leo. Wali na kuku vipo tayari, na ngoma ipo. Mungu akuzidishie ulichotoa, ailinde familia yako kama unavyotaka kuzilinda zetu, na akupe moyo wa kutuelewa.

Baba Ritha, tunakuomba usiibonyeze swichi hiyo leo. Tunaogopa.

Ni sisi,
Kikundi cha Amka Sigino, Watotoleshaji Vifaranga,
Babati